Kiti cha Chalinze, Kiti cha Korogwe

Januari 2014 Bunge lilipoteza wabunge wawili wa majimbo ndani ya mwezi mmoja. Tarehe 1 alifariki Dk. William Mgimwa, Waziri wa Fedha na mbunge wa Kalenga, akiwa hospitalini Pretoria, Afrika Kusini. Kabla mwezi haujaisha akafuata Said Bwanamdogo, mbunge wa Chalinze, aliyefia Muhimbili. Kalenga iko Iringa, wenyewe watasimulia ya kwao. Chalinze ni kwetu.

Wakati ule Halmashauri ya Chalinze ilikuwa haijazaliwa. Ukitaja Wilaya ya Bagamoyo ulikuwa unataja majimbo mawili: Bagamoyo ya pwani, yenye bandari, magofu ya Kaole na watalii, na Chalinze ya bara, ambayo wengi huijua kwa njia panda yake tu, pale basi la Tanga linapoachana na la Morogoro. Kumbe jimbo lenyewe ni pana. Lina Lugoba na Msata, lina Miono na Mkange hadi kwenye mpaka wa mbuga ya Saadani, lina Kiwangwa ya mananasi, Mandera na Mbwewe ukielekea Tanga, Kibindu na Talawanda ambako gari dogo huogopa masika, na Ubena ukielekea Morogoro. Wakwere, Wazigua, Wadoe, na wafugaji waliohamia na mifugo yao. Ukilijua jimbo hilo unajua kwamba mbunge wake hana raha, maana shida ya Vigwaza si shida ya Kibindu.

Kwa baba mimi ni wa huko. Kwa mama ni wa Mombo, Korogwe Vijijini, mkoani Tanga. Barabara ni hiyohiyo moja: ukitoka Chalinze unavuka Wami, unapita Mkata na Segera, unaingia Korogwe. Nataja ukoo kwa sababu majimbo haya mawili, la baba na la mama, yote yalifiwa na mbunge katikati ya muhula, moja mwaka 2014 na jingine mwaka 2018, na yaliyofuata baada ya msiba hayakufanana hata kidogo. Nimeyafikiria mambo hayo mawili kwa miaka sasa.

Utaratibu wenyewe unajulikana. Mbunge akifa, akijiuzulu au akipoteza sifa, Spika huiarifu Tume ya Uchaguzi kwamba kiti kiko wazi. Tume hutangaza ratiba: siku ya kuchukua na kurudisha fomu, siku ya uteuzi, kipindi cha kampeni, siku ya kura. Ibara ya 76 ya Katiba ndiyo inayoutaka uchaguzi mdogo, na inauzuia pale tu Bunge linapokaribia kumaliza muda wake, miezi 12 ya mwisho. Nje ya hapo wananchi lazima waulizwe. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiamini.

Chalinze 2014 kila mtu alikuwa na la kusema kuhusu jina la mgombea wa CCM. Jakaya Kikwete ndiye aliyekuwa mbunge wa Chalinze kuanzia 1995 hadi alipochaguliwa Rais mwaka 2005. Baada yake alikaa Ramadhani Maneno muhula mmoja, kisha Bwanamdogo kuanzia 2010. Sasa kiti kiko wazi, Rais bado yuko Ikulu, na mwanawe, Ridhiwani, anachukua fomu. Kwenye kura za maoni za chama alipambana na watu wenye majina yao, akiwemo Maneno mwenyewe, aliyewahi kukikalia kiti hicho, na Imani Madega, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa Yanga. Akawashinda. Dar es Salaam watu walisema ufalme umeingia. Huku nyumbani maneno yalikuwa mengine: wapo waliosema huyu ni mtoto wetu wa Msoga, akiomba kwa baba yake hatanyimwa, na wapo waliosema miaka 10 baba yake alikuwa mbunge na maji bado tunayafuata na madumu.

Maji, kwa asiyejua, ndiyo siasa ya Chalinze. Mradi wa Wami–Chalinze ulianza miaka ya mwanzo ya 2000 na ulileta matumaini makubwa, lakini mabomba na mahitaji havikulingana, na kuna vijiji ambako bomba lilikuwa linatoa hewa kuliko maji. Mto Wami unapita palepale, mtu anauona, halafu ndoo nyumbani ni tupu. Pembeni ya maji kuna ardhi: wakulima na wafugaji wamegombana miaka mingi katika kata zile, na kila mgombea alipaswa kulisema jambo hilo mbele ya pande zote mbili bila kuwasha moto. Nilipenda kusikiliza sehemu hizo za kampeni. Katika uchaguzi mkuu mikutano yetu humezwa na ya Rais, na habari za Talawanda hazifiki hata Kibaha. Uchaguzi mdogo unapofika, viongozi wa kitaifa wa vyama vyote wanakanyaga matope ya kwenu, na waandishi wanaandika majina ya vijiji vyenu, pengine kwa mara ya kwanza.

Na Machi ile ya kampeni, kule Dodoma, Bunge Maalum la Katiba lilikuwa limekaa. Machi 18 Jaji Joseph Warioba aliwasilisha Rasimu ya Katiba mbele ya wajumbe. Machi 21 Rais akalihutubia Bunge hilo. Nchi nzima ilikuwa ikibishana juu ya serikali mbili au tatu. Lakini ndani ya rasimu ile kulikuwa na pendekezo lililohusu moja kwa moja kilichokuwa kinaendelea Chalinze, na sikumsikia mtu akilisema jukwaani: kwamba kiti cha mbunge aliyetokana na chama kikiwa wazi, kusiwe na uchaguzi mdogo. Nafasi ijazwe na mtu wa chama hichohicho, kutoka kwenye orodha ya majina iliyokwisha kuwasilishwa.

Naheshimu sana kazi ya Tume ya Warioba iliyoiandaa rasimu ile. Ilizunguka nchi nzima ikisikiliza watu, na mapendekezo yake mengi, kama ukomo wa vipindi vya ubunge na wananchi kuwa na haki ya kumwondoa mbunge wao, ningeyapigia kura leo hii. Hoja yao kuhusu uchaguzi mdogo nayo naielewa: gharama. Fedha za karatasi, magari, mafuta, posho za wasimamizi, polisi, yote hayo kwa ajili ya kiti kimoja kati ya mamia, tena kwa kipindi kifupi kilichobaki. Mtu anayekosa dawa zahanati ana haki ya kuuliza fedha hizo zinatoka wapi.

Ila hapo ndipo nilipoachana nao, na sijarudi. Orodha ya chama inamaanisha kwamba kiti ni mali ya chama. Mwananchi alimpigia kura mtu, alimwona, alimsikia, alimpima. Mtu yule akifa, ridhaa ile inakufa naye, na haiwezi kuhamishwa ofisini kwenda kwa jina la pili kwenye karatasi. Tayari Katiba yetu inaegemea upande wa chama kupita kiasi: Ibara ya 71 inamvua ubunge anayeacha kuwa mwanachama wa chama chake, na mgombea binafsi haruhusiwi, licha ya Mahakama ya Afrika pale Arusha kuamua mwaka 2013, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba katazo hilo linavunja haki za raia. Kilichobaki mikononi mwa wananchi kati ya uchaguzi mkuu mmoja na mwingine ni hiki kimoja, na hata hiki hakitokei mpaka kiti kiwe wazi.

Kura zilipigwa Jumapili, Aprili 6. Mvua za masika zilikuwa zimeshaanza na watu wengi walikuwa shambani. Nilikuwa nyumbani kwa mama mkubwa, Lugoba. Mimi nilijiandikisha Bagamoyo mjini, kwa hiyo jimbo lile halikunihusu kwa kura, nilikwenda kama mtoto wa nyumbani. Alfajiri nikamkuta amekwisha kuvaa, kanga mpya, kichinjio, yaani kadi yake ya kura, kimefungwa kwenye pindo.

“Shikamoo mama mkubwa.”

“Marahaba mwanangu. Utanisindikiza?”

Nikamwambia nitamsindikiza, ila nikamuuliza kwa nini ajisumbue na tope lote lile wakati mshindi anajulikana tangu kura za maoni. Aliniangalia kwa muda. Kisha akasema, “Kwani msibani tunakwenda ili marehemu afufuke?”

Hatukusema tena mpaka kituoni. Sikumuuliza alimpigia nani, na hakunieleza mpaka leo. Foleni ilikuwa fupi, wazee na akina mama zaidi. Vijana walikaa pembeni kwenye bodaboda zao wakitazama, na nilipozungumza nao nikagundua kwamba wengi hawakugoma. Hawakuwa kwenye daftari.

Hili ndilo linaloniuma kuliko jina la mgombea yeyote, na naomba nilikalie kidogo. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura lilikuwa halijaboreshwa tangu 2010. Sheria iliitaka Tume iliboreshe mara mbili kati ya uchaguzi mkuu mmoja na mwingine, lakini kazi ile haikufanyika mpaka mashine za BVR, za kuandikisha kwa alama za vidole, zilipokuja mwaka 2015. Maana yake ni kwamba kijana aliyetimiza miaka 18 mwaka 2011, 2012 au 2013 alikuwa mtu mzima kwa kila jambo, anaoa, analipa ushuru wa mkaa na nanasi, anafungwa jela akikosea, ila kura hana. Binamu yangu alikuwa na miaka 20 siku ile. Alisimama nje ya kituo kilichoko kwenye shule aliyosoma mwenyewe. Halafu kuna waliohama: aliyejiandikisha Mandera 2010 na sasa anauza chipsi Mbagala hawezi kupiga kura Mbagala, wala nauli ya kurudi Mandera hana. Na wapo waliofariki, majina yao bado yamo, yanahesabiwa kama watu ambao hawakujitokeza.

Kwa hiyo matokeo yalipotoka na ikaonekana kwamba kati ya waliokuwa kwenye daftari, zaidi ya 90,000, waliopiga kura ni kama robo tu, magazeti yaliandika kwamba wananchi wamechoshwa na siasa. Wengine walichoka, kweli. Lakini huwezi kumfungia mtu mlango halafu ukaandika kwamba hakuja.

Ridhiwani Kikwete alipata zaidi ya kura 20,000, ushindi wa zaidi ya asilimia 80. Mathayo Torongey wa Chadema alimfuata kwa mbali, akipata zaidi ya kura 2,500. CUF nao walisimamisha mtu wao, Fabian Skauki, na vyama vidogo vilikuwepo. Vyama vikubwa vya upinzani vilikuwa vinaunda umoja kule Dodoma, siku 10 baadaye Ukawa wakatoka pamoja kwenye Bunge Maalum, lakini Chalinze kila kimoja kiliomba kura kivyake.

Niliwasikia watu wakisema siku zile: uchaguzi gani huu, hela zimepotea bure. Siwaungi mkono. Zile kura 2,500 na ushei za Torongey zimeandikwa. Mtu wa Mbwewe aliyetaka kusema hapana alisema hapana, ikahesabiwa, ikatangazwa na msimamizi wa uchaguzi kwa sauti, na mbunge mpya akaondoka pale akijua kwamba kata fulani haikumtaka kama kata nyingine ilivyomtaka. Mbunge anayejua kura zake kituo kwa kituo ana sababu ya kurudi pale alikokataliwa.

Na suala la watoto kurithi viti lina jibu lake humohumo kwenye sanduku. Aprili 1, 2012, Arumeru Mashariki, baada ya kifo cha Jeremiah Sumari, CCM ilimsimamisha mwanawe, Sioi. Wananchi wakamchagua Joshua Nassari wa Chadema. Machi 16, 2014, Kalenga, CCM ilimsimamisha Godfrey Mgimwa, mtoto wa marehemu waziri. Wananchi wakamchagua. Wiki tatu baadaye ikawa zamu ya Chalinze. Wameru walikataa, Wahehe wakakubali, sisi tukakubali. Hayo ni majibu matatu ya watu walioulizwa. Kwa utaratibu wa orodha, nani angewauliza Wameru?

Ukirudi nyuma zaidi utakuta uchaguzi mdogo umewahi kuitikisa nchi. Augustine Mrema alishindwa urais 1995, mwaka uliofuata akaingia bungeni kwa uchaguzi mdogo wa Temeke. Tarime 2008, baada ya ajali iliyomuua Chacha Wangwe, serikali na chama tawala waliweka nguvu zote na bado Charles Mwera wa Chadema akashinda. Igunga 2011, baada ya Rostam Aziz kujiuzulu, Dk. Dalaly Kafumu wa CCM alipita kwa tofauti ya kura elfu tatu na kidogo, mahali ambapo mtangulizi wake hakuwahi kutishwa. Jimbo moja likisema peke yake, nchi nzima inasikia.

Sasa twende ujombani.

Julai 2, 2018 alifariki Stephen Ngonyani, mbunge wa Korogwe Vijijini, ambaye hata watoto wa shule walimjua kwa jina la Profesa Maji Marefu. Alikuwa mganga wa jadi, aliingia bungeni 2010, akarudi 2015. Wasomi wa mjini walimdharau, lakini mimi nimekaa Mombo na najua kwa nini alipendwa: alikuwa akisimama bungeni anasema kwa lugha ambayo mvunaji wa chai wa Dindira na mkata mkonge wa Magunga wanaielewa bila mkalimani. Alihudhuria misiba. Alikuwa na simu inayopokelewa. Kwa watu wa milimani, Bungu, Vugiri, na kwa wale wa bondeni, Magoma, Mashewa, Mnyuzi, hilo halikuwa dogo. Jimbo lile nalo ni gumu: milima ya Usambara juu, reli na mashamba ya mkonge chini, na barabara za kuyaunganisha zinakatika kila mvua.

Tume ikatangaza uchaguzi mdogo Septemba 16, 2018, siku moja na Ukonga na Monduli. Nilisikia taarifa hiyo nikampigia mjomba. Alikuwa amejiandaa. Alikuwa na mambo yake ya kumuuliza kila mgombea, yote ya barabara. Alisema safari hii akija mtu na fulana tu atamrudisha nazo.

Agosti, siku za uteuzi, kampeni hazijaanza, ikatangazwa kwamba Timotheo Mnzava wa CCM amepita bila kupingwa. Chadema walilalamikia namna fomu ya mgombea wao ilivyoshughulikiwa. Malalamiko yakapita, na Korogwe Vijijini ikapata mbunge bila karatasi moja ya kura kuchapwa. Mjomba alinipigia jioni.

“Sasa sisi tunapiga lini?”

Nikamweleza. Akanyamaza, akauliza tena kama sikumsikia vizuri. “Naelewa amepata. Nauliza sisi tunapiga lini?”

Sina neno baya la kusema juu ya Mnzava mwenyewe. Hakuvunja sheria kwa kuwa na jina lake kwenye fomu, na sheria iliyokuwepo ilisema mgombea akibaki peke yake anatangazwa amechaguliwa. Sheria ndiyo naigombeza. Nimesoma historia ya uchaguzi wetu kutafuta mahali ambapo tulizoea jambo hili, na nimekuta ni la zamani kuliko Uhuru. Agosti 1960 Tanganyika ilichagua wabunge 71. TANU ilipata viti 70, na kati ya hivyo 58 vilipita bila kupingwa. Mwaka ule ninaweza kuuelewa, watu walikuwa nyuma ya chama kimoja kwa ajili ya kitu kimoja. Hata hivyo tazama kilichotokea mahali ambapo kura zilipigwa: Mbulu, wananchi walimkataa mgombea rasmi wa TANU, Chifu Amri Dodo, wakamchagua Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyesimama mwenyewe. Watu walikuwa wanautaka uhuru uleule wa Nyerere. Walichotaka zaidi ni kumchagua wenyewe wa kuwasemea.

Na Nyerere aliisikia kengele ile. Nchi ilipoingia mfumo wa chama kimoja, uchaguzi wa 1965 ulipangwa kwamba karibu kila jimbo liwe na majina mawili kwenye karatasi, wote wa TANU, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine ya nyumba. Wazee wetu wa Miono na wa Mombo walichagua kati ya jembe na nyumba, na walichagua kwa kweli: Paul Bomani, Waziri wa Fedha, alianguka. Fikiria. Chama kimoja, bila upinzani wowote wa kisheria, na mkulima aliweza kumwondoa Waziri wa Fedha. Babu yangu mzaa mama alipiga kura ile. Miaka 53 baadaye, katika nchi ya vyama vingi, mwanawe hakupewa karatasi hata ya jina moja.

Wapiga kura wa 1958, enzi za mkoloni, nao waliwekewa vigezo vya kipato, paundi 150 kwa mwaka, au elimu, au wadhifa, na waliokidhi walilazimishwa kumpigia kura Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura iharibike. Jimbo la Tanga na Jimbo la Mashariki, ambamo Bagamoyo ilikuwemo, yalikuwa kati ya ya kwanza kupiga kura, Septemba ile, na Nyerere mwenyewe alisimama Jimbo la Mashariki dhidi ya Patrick Kunambi. Tunasimulia habari hizo kama dhulma ya mkoloni, na ni dhulma. Basi tusione kawaida pale mtu mwenye kadi halali anapokosa kura katika nchi yake huru.

Kipindi kile cha 2017 na 2018 ndicho kilichowafanya watu wengi wauchukie uchaguzi mdogo kabisa, nami siwalaumu. Wabunge wa upinzani walikuwa wanajiuzulu, wanahamia CCM wakisema wanaunga mkono juhudi za Rais, halafu wanateuliwa kugombea kiti kilekile walichokiacha. Maulid Mtulia Kinondoni, Dk. Godwin Mollel Siha, wote wakarudi Februari 2018. Mwita Waitara Ukonga, Julius Kalanga Monduli, wakarudi Septemba ile ambayo Korogwe haikupiga kura. Abdallah Mtolea wa Temeke naye akarudi bila kupingwa. Kinondoni iliacha kidonda: siku moja kabla ya kura, polisi wakiwatawanya waandamanaji wa Chadema, risasi ilimuua mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji aliyekuwa amekaa ndani ya daladala. Binti wa watu, safarini. Hakuna kiti cha bunge kinachostahili jambo lile.

Ila ninaona tunachanganya mambo mawili. Mbunge aliyekufa hakuwaacha watu wake kwa hiari. Aliyejiuzulu ili arudi na fulana ya rangi nyingine amewaacha, na sioni kwa nini sheria imruhusu kugombea tena kiti hichohicho kabla ya uchaguzi mkuu. Akitaka kuhama, ahame, asubiri. Tungefanya hivyo gharama ile kubwa ya 2018 isingekuwepo, na fedha zingebaki kwa ajili ya majimbo yaliyofiwa. Badala yake walioondoka kwa hiari walifanyiwa uchaguzi Ukonga na Monduli, na waliofiwa Korogwe wakaambiwa kazi imekwisha.

Kumetokea mabadiliko tangu hapo, na ningekuwa si mkweli nisipoyasema. Mwaka 2020 wagombea wengi wa CCM walipita bila kupingwa katika uchaguzi mkuu, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akiwa mmojawapo kule Ruangwa, na kelele zikawa kubwa. Sheria mpya ya uchaguzi ya mwaka 2024 ikaja na utaratibu kwamba mgombea akibaki peke yake apigiwe kura ya ndiyo au hapana. Nilipousoma nilimpigia mjomba palepale. Aliuliza swali ambalo wanasheria wengi hawakuliuliza: huyo wa pili ambaye fomu yake haikupokelewa, hapana yangu inamrudisha?

Haimrudishi. Kwa hiyo kazi iliyobaki iko kwenye siku zile chache za fomu, ambazo hakuna anayezitazama kwa sababu muziki wa kampeni haujaanza. Fomu ipokelewe hadharani, mbele ya mawakala wa vyama vyote, na kila inayopokelewa itolewe stakabadhi yenye saa na sahihi. Ofisi ya msimamizi isifungwe kabla ya saa iliyotangazwa, hata dakika moja. Anayeenguliwa apewe sababu kwa maandishi siku hiyohiyo, na rufaa yake isikilizwe kabla karatasi hazijachapwa. Na kiti kikiwa wazi, kabla ya kutangaza ratiba, daftari la jimbo lile lifunguliwe hata kwa wiki mbili ili aliyetimiza miaka 18 juzi aandikwe. Binamu yangu wa Lugoba alipata kadi yake ya kwanza mwaka 2015, na akapiga kura Oktoba ile akiwa baba wa mtoto mmoja.